Sikio la Mganga

Uganga wa Uzaramoni ukitajwa siku hizi, maneno huishia kwenye mizizi. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, imechunguza majani na magome kwa bidii, na hilo ni jema. Lakini mtu wa Mbwawa, au wa kijiji chochote kati ya Kibaha na Kisarawe, anayempeleka nduguye kwa mganga kwa kuwa halali, hali, na anasema peke yake, hakufuata magome tu. Amefuata ufundi wa kusikiliza. Huo hauchemshwi chunguni wala haupimwi maabara, na ndio unaotuponyoka.

Tazama pepo anavyopungwa. Mgonjwa haji peke yake. Huja na mama, mjomba, mume, shangazi. Kabla ngoma haijalia, mganga ameshadadisi nani kafariki, shamba gani lina ugomvi, mahari ya nani haijaisha. Kisha mgonjwa huketishwa mkekani, akafunikwa shuka, ubani ukafukizwa, na wapigaji wakabadilisha mdundo hadi upatikane ule unaomgusa. Pepo akipanda hujitaja jina, halafu hudai: marashi, pete ya fedha, kitambaa cheupe. Ustadi uko hapa: mganga hayajibu madai hayo mwenyewe. Humgeukia mume na kumwuliza, mbele ya watu, kama ataweza. Mume huomba apunguziwe, pepo hukataa, shangazi huingilia kati, mwisho hupatana siku ya kutoa. Mke ambaye hakuthubutu kulalamika kwamba hanunuliwi hata kanga amesemewa. Hakuna wa kumwita mkorofi, na ahadi imeshuhudiwa na ukoo. Wala haya si mambo ya shamba tu: kitabu cha Lloyd Swantz juu ya waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam, kilichotoka mwaka 1990, kinaonyesha kuwa hata waliohamia mjini waliendelea kumtafuta mganga.

Atasema mtu: uganga huohuo umetuletea maafa. Kweli. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa neno la mpiga ramli. Sina la kuwatetea. Ila mganga anayemtaja mchawi ameikwepa kazi, maana kumpa mgonjwa adui ni rahisi kuliko kumpatanisha na mumewe. Na hao wa mabango ya nguzo za umeme, wanaorudisha wapenzi na kuvuta wateja dukani, wameuacha ufundi kabisa: hela hutumwa kwa simu, mgonjwa hatazamwi hata usoni.

Wengine watasema hospitali ipo. Ipo, na kifafa hakipungwi. Mwenye kifafa apelekwe akapewe vidonge. Lakini huzuni iliyotokana na ndoa au msiba haiishi kwa kidonge peke yake, na muuguzi mwenye foleni mpaka mlangoni hana nafasi ya kuuliza habari za mahari. Wataalamu wenyewe wameliona pengo hilo. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye huzuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanapata nafuu, na utaratibu huo umefika hadi Zanzibar. Tunausifu kama jambo jipya, nao unastahili sifa. Hata hivyo mazungumzo ya benchini ni ya watu wawili. Bibi atamsaidia mgonjwa kupanga la kufanya, kisha mgonjwa atarudi nyumbani akamkute mume ambaye hakuulizwa kitu, shangazi ambaye hakuitwa, na ugomvi wa shamba uleule.