Kisu Kimemaliza, Kibofu Bado

Mbwa wa aina ya Dachshund huwa na diski za mgongo zinazoanza kukauka na kujaa chokaa angali kijana. Diski ikipasuka, kiini chake hufyatukia juu na kuubana ugwe wa mgongo, na miguu ya nyuma yaweza kulegea ndani ya saa chache.

Upasuaji wake una hatua zinazofahamika. Daktari hukata ubavuni mwa pingili, hufungua dirisha kwa kekee nyembamba, kisha huchokoa uchafu wa diski. Asipokuwa mwangalifu, hutoboa vena zilizolala chini ya ugwe, damu ikafunika kila kitu. Akibakisha uchafu mwingi, mbwa huzinduka akiwa hoi kuliko alivyoingia. Madaktari wengi huzikwangua na diski jirani, kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Hata hivyo, matatizo mengi huanza mshono ukishafungwa, hasa kwenye kibofu. Mbwa aliyepooza akilowesha matandiko, mwenye mbwa hufurahi: amekojoa! Mpapase tumbo. Ukikuta kibofu kimejaa na kukaza kama chungwa, huo ni mkojo uliofurika tu. Asipokamuliwa kila baada ya saa 6 hadi 8, au kuwekewa mpira wa mkojo, misuli ya kibofu hutanuka mpaka ikaishiwa nguvu, na maambukizi hufuata, mara nyingi bila homa. Ndiyo maana mkojo hupimwa maabara hata mbwa akionekana mzima.

Linalotisha zaidi ni ugwe kulainika na kufa. Huwapata takriban mbwa 1 kati ya 10 waliokwisha kupoteza hisia za maumivu vidoleni, na kwa kawaida hujitokeza siku za mwanzo. Muuguzi hufinya ngozi ya mgongo kutoka nyuma kwenda mbele, akaweka alama ya kalamu pale inapoanza kushtuka. Kesho yake mpaka huo ukisogea kuelekea mabegani, uharibifu unapanda. Ukiifikia misuli ya kupumulia, mbwa hufa. Tiba haipo.

Janga hilo hutokana na jeraha la awali, wala si kisu. Kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya upasuaji: anayehisi vidole vikibanwa ana nafasi kubwa sana ya kutembea tena, asiyehisi, takriban nusu kwa nusu. Mwenye mbwa aambiwe hayo mapema, na asiruhusiwe kumchukua mbwa aliyepooza kabla hajakamua kibofu kwa mikono yake mbele ya daktari.