Mizani ya Kumpimia Mwimbaji wa Mashindano

Mkazi wa Rumonge, mji ulioko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura, aketipo usiku mbele ya televisheni kutazama mashindano ya uimbaji, ana neema ambayo wengi waliozaliwa mbali na mwambao huu hawakujaaliwa. Kwani sikio lake limelelewa na Kirundi cha nyumbani, na Kiswahili cha sokoni kinachokutana na kile cha Kigoma na cha Uvira, na kaswida za madrasa, na kwaya za makanisa, hata likazoea sauti za namna nyingi kabla ya hakimu yeyote kufungua kinywa. Walakini mara picha iwakapo, urithi huo huwekwa kando, na jicho, ambalo halikuumbwa kuhukumu sauti, hutwaa kiti cha sikio. Nia yangu katika maneno haya ni kulirudishia sikio kiti chake.

Mashindano ya aina hii yalienea duniani baada ya Pop Idol ya Uingereza ya mwaka 2001, yakafika kwetu kwa njia kadhaa. Tanzania ilipata Bongo Star Search chini ya Rita Paulsen, na mwaka 2006 Tusker Project Fame, mashindano ya nchi za Afrika Mashariki, ikaanza Nairobi. Burundi nayo ikapata Primusic, iliyodhaminiwa na kiwanda cha bia cha Brarudi. Lakini habari ambayo Mrundi apendaye muziki hawezi kuisahau ni ya Desemba 2013, Hope Irakoze alipolitwaa taji la awamu ya sita ya Tusker Project Fame. Ushindi huo nauenzi kwa sababu mahsusi: kura zilipigwa kwa simu, na katika hesabu ya namna hiyo nchi yenye watu wengi ina nguvu kuliko nchi ndogo, basi kijana wa Burundi hakuweza kuvuka kwa kura za jamaa zake peke yao, ila kwa kusikilizwa na majirani ambao hawakuwa na deni lolote kwake.

Sasa tuingie katika kupima. Anza na pumzi, maana pumzi ndiyo rasilimali ya mwimbaji, na yote mengine ni matumizi yake. Mnunuzi wa samaki aina ya mukeke mwaloni hahadaiki na mng'aro wa magamba, bali hufunua shavu lake akatazama wekundu wa ndani. Vivyo hivyo msikilizaji asihadaike na sauti ya juu, ambayo karibu kila kijana mwenye afya huweza kuirukia mara moja kwa nguvu, bali asikilize mwisho wa mstari, pale makofi yanapokuwa bado hayajaanza na sauti inapotakiwa kusimama bila msaada. Je, silabi ya mwisho imemezwa? Je, sauti imeshuka kidogo chini ya kimo chake, kama mtu aliyechoka kupanda? Je, pumzi imevutwa katikati ya neno, likakatwa vipande viwili? Aliyezoea kaswida isiyokuwa na ala hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa pale hapana gitaa wala kinanda cha kusitiri kasoro, na msomaji aliyeanza juu mno hudhihirika katika ubeti wa pili, akalazimika ama kukaza koo ama kushuka mbele ya watu.

Baada ya pumzi njoo kwenye maneno, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu ndipo mahakimu wengi wanapopita haraka. Kiswahili huweka mkazo katika silabi iliyo kabla ya ya mwisho; mwimbaji anayeimba mapenzi kwa kuivuta ma na kuikimbiza pe, eti kwa kuwa ngoma imepigwa hapo, amelipotosha neno hata kama hakukosea kimo. Kirundi kina sheria iliyo ngumu zaidi, kwani ni lugha ya toni, na urefu wa irabu ndani yake hubeba maana. Lahani inayopanda pale ambapo neno linataka kushuka humlazimu msikilizaji kubahatisha. Mwimbaji fasaha huutafutia wimbo njia ya kupita bila kulivunja neno, na asipoipata huona heri apunguze nakshi kuliko apoteze maana. Msikilize Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi wa mwaka 1959, jinsi Kiswahili chake kinavyotoka safi bila kelele. Kisha msikilize mwimbaji Kidum, aliyeanza kama mpiga ngoma, uone jinsi silabi zake zinavyokaa juu ya mapigo.

Kelele, kwa hakika, ndiyo ghiliba kubwa ya jukwaa. Umma hupiga makofi kwa sauti kubwa, na kijana akishajua hivyo hatulii tena. Hali ya kuwa katika nchi hii hii umo ufundi wa kunong'ona kwa inanga, ala ya nyuzi, ambamo mwimbaji hasemi kwa sauti kamili, bali hunong'ona karibu na nyuzi, na nyuzi zikachukua kazi ya kupanda na kushuka, hata msikilizaji akadhani ameusikia mnong'ono ukiimba. Nani atathubutu kuuita ufundi huo dhaifu? Kwa hiyo, mshindani anapoimba kwa upole, usimwandikie upungufu papo hapo. Tazama kama upole huo ameukusudia na kama maneno yanafika, kisha tazama anavyotumia kipaza sauti, kama anakisogeza karibu kwa sauti ya chini na kukiondoa kwa sauti ya juu, au anakishika tu.

Kuhusu mavazi, machozi na masimulizi ya dhiki ya utotoni, sina mengi ya kusema: ni mambo ya kibinadamu, yanastahili huruma, wala hayaingii katika mizani. Jambo la kumcheka mtoto wa watu asiyejua kuimba, ambalo vipindi vingi hulifanya kitoweo cha siku za mchujo, mimi nalihesabu kuwa ni dhuluma. Hakimu anayestahiki kiti chake hutaja kosa na mahali lilipotokea. Ukali wa hakimu Ian Mbugua katika Tusker Project Fame uliwachoma wengi, lakini mimi sikuwahi kuona ubaya katika ukali unaotaja sababu.

Uigaji nao unataka uangalifu. Kijana anayeimba wimbo wa nyota wa Marekani kwa kila pumzi na kila kigugumizi cha yule nyota ameonyesha kumbukumbu njema, ila sauti yake mwenyewe bado hatujaisikia, na kura ikipigwa hapo itakuwa ya mtu asiyeshindana.

Basi nawasihi waandaaji wa mashindano ya nchini: kila mshindani na aimbe kwanza ubeti mmoja kwa Kirundi au kwa Kiswahili, bila ala yoyote, kabla taa na bendi hazijamsaidia. Nawe msomaji, utakapokusudia kupiga kura, ipe televisheni mgongo wakati mshindani anaimba, kisha ndipo ushike simu.