Potiki: Riwaya ya Kusoma Kabla ya Kwenda Nyuzilandi

Matangazo ya likizo ya Nyuzilandi yana tabia moja: hayana watu. Utaonyeshwa Mlima Aoraki wenye mita 3,724 na theluji yake. Utaonyeshwa Milford Sound, maji meusi katikati ya kuta za mawe zilizochongwa na barafu, kisha daraja la Kawarau karibu na Queenstown, ambapo tangu 1988 watu hulipa ili wafungwe kamba miguuni na kujirusha kuelekea mtoni. Mtu pekee anayeonekana ni mtalii, mgongo umeelekea kamera, mikono ameitanua. Ukimaliza kutazama unaweza kuamini nchi ile iliumbwa jana, ikawekwa wazi ikisubiri tiketi yako.

Ndiyo maana nasema atakayeota safari hiyo aanze na Potiki, riwaya ya Patricia Grace iliyotoka 1986. Haikuandikwa kwa ajili ya watalii. Inahusu ufuo, na mtu anayeutaka.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ukoo wa Kimaori unaishi pwani, kwenye ardhi ya mababu. Hemi amepoteza kazi, na badala ya kulia anarudi kulima. Mkewe, Roimata, anawafundisha watoto nyumbani kwa hadithi. Kisha anatokea mwekezaji, Bwana Dolman, anayetaka kujenga eneo la starehe pale pwani. Njia bora ya kufika huko inapita kwao, kwenye nyumba yao ya mikutano na makaburi yao. Wanakijiji wanampachika jina la utani, Dollarman, na wanamwambia hapana. Yanayofuata hayafai kuelezwa yote hapa, ila nitasema hivi: maji yanaingia makaburini, na moto unaingia kwenye nyumba.

Mkutano wa wanakijiji na mwekezaji ndio moyo wa kitabu, kwangu mimi. Msimulizi wake ni Toko, mtoto mwenye mwili dhaifu na macho yanayoona mbali. Dolman anazungumza kwa adabu. Anaahidi kazi na maendeleo. Wanamjibu kwamba kazi wanazo, hapo hapo shambani na baharini. Hawaelewani, na si kwa sababu ya lugha. Yeye akitazama ule ufuo anaona mahali patupu panapongoja kutumiwa. Wao wanaona mahali palipojaa, pamoja na waliokufa. Tangazo la utalii lina macho ya Dolman, hata kama aliyelitengeneza hana nia mbaya.

Msomaji wa Kiswahili ana upendeleo wake hapa. Neno la Kimaori whenua lina maana mbili, ardhi na kondo la nyuma, na desturi ni kulizika kondo ardhini mtoto anapozaliwa. Sisi tunaoulizana kitovu chako kimezikwa wapi hatuhitaji mhadhara. Potiki nayo ni kitinda mimba. Grace hakuweka faharasa ya maneno ya Kimaori mwishoni, na sehemu ya mwisho kabisa ya kitabu ameiandika kwa lugha hiyo bila tafsiri. Wapo waliokereka. Mimi naona amefanya kile mwenyeji yeyote anachokifanya: amekukaribisha ndani, lakini hajakukabidhi funguo za kila chumba.

Kasoro ipo. Dolman ni mwembamba kama karatasi. Wanakijiji wanapewa sauti, kumbukumbu na hata ugomvi wao kwa wao. Yeye anapewa jina la utani na sera. Kwa kweli wawekezaji wa namna hiyo huwa wagumu zaidi kukataliwa. Hukaa kwenye jamvi lako, hula chakula chako, huuliza hali ya mama. Riwaya ingetisha zaidi kama Dolman angependeza hata kidogo.

Hata hivyo, usidhani Grace ametia chumvi. Huko Raglan, serikali ilichukua ardhi ya Wamaori kwa ajili ya uwanja wa ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vikaisha, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe, na baadaye ikawa uwanja wa gofu. Mwaka 1978 Eva Rickard na wenzake walikamatwa wakiandamana pale pale kwenye nyasi za gofu, na ikachukua miaka zaidi kabla ya kurudishiwa. Kisa cha jirani zao wa Te Ope ndani ya riwaya kinafanana sana na hicho. Naye Grace mwenyewe, mwaka 2014, alishinda mahakamani serikali ilipotaka kupitisha barabara kuu kwenye kipande cha ardhi ya mababu zake huko Waikanae. Yaani kitabu kilitangulia, mwandishi akaja kukutana nacho miaka 28 baadaye.

Je, basi tusiende? Hapana. Nyumba inayopiganiwa humu ndani kazi yake mojawapo ni kupokea wageni, na Wamaori wana utaratibu mzima wa kumkaribisha mtu: anasimama nje, anaitwa, ndipo anaingia. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inadai kwanza kuwe na mwenyeji, na mgeni amjue. Potiki ina kurasa chini ya 200. Ndege kutoka kwetu hadi Auckland, pamoja na kubadilisha, inachukua zaidi ya siku nzima. Muda wa kuimaliza unao.