Kuanika Bila Jua: Nguo Mbichi Ndani ya Kabini ya Meli

Ukiingia bafuni kwenye kabini ya meli ya kitalii, tazama ukutani, juu ya mahali pa kuogea. Mara nyingi utakuta kidude cha duara, kidogo, chenye kitufe katikati. Ukivuta kitufe hicho inatoka kamba nyembamba, unaivuta hadi ukuta wa pili na kuinasa kwenye ndoano yake. Hiyo ndiyo kamba ya kuanikia, na katika meli nyingi ndiyo sehemu pekee ambayo wenye meli wamekuwekea kwa kazi hiyo. Abiria hutundika nguo za kuogelea usiku, hufunga mlango wa bafu na kwenda kulala. Asubuhi nguo bado ni mbichi, tena zimeanza kunuka uvundo. Lawama huangukia kamba, wakati kilichoharibu kazi ni mlango uliofungwa na mambo mawili matatu yaliyofanyika kabla nguo hazijafika kambani.

Hesabu itatuonyesha ugumu ulipo. Tuseme familia ya watu wanne imerudi kutoka kwenye bwawa au ufukweni, na baada ya kukamua kwa mikono nguo zao zote zimebaki na lita moja ya maji. Kuigeuza lita hiyo kuwa mvuke, katika joto la kawaida la chumba, kunahitaji kilojuli 2,440 hivi, sawa na karibu uniti 0.7 ya umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Nyumbani uani, joto hilo linatolewa na jua bila malipo, na upepo unauondoa mvuke. Kabini haina jua. Nguo inalazimika kuchota joto kutoka kwenye hewa inayoizunguka, ndiyo maana ukiigusa nguo mbichi ndani ya chumba unaikuta baridi kuliko chumba chenyewe.

Hewa nayo ina kikomo. Kabini ya ndani yenye meta za mraba 15 na dari ya meta 2.1 ina meta za ujazo 32 hivi. Joto likiwa nyuzi 22 na unyevu asilimia 50, kila meta ya ujazo tayari ina takriban gramu 9.7 za mvuke, na haiwezi kubeba zaidi ya gramu 19.4. Kwa hiyo hewa yote ya kabini, kama ingefungiwa humo, ingepokea gramu 310 tu kabla ya kushiba kabisa. Lita yetu ina gramu 1,000. Hata ukisubiri hadi safari iishe, theluthi mbili ya maji ingebaki kwenye kitambaa.

Kinachotuokoa ni kwamba hewa ya kabini haikufungiwa. Hewa safi, iliyopozwa na kupunguzwa unyevu, huingia kupitia tundu la kiyoyozi darini, na iliyotumika huvutwa kutokea bafuni. Mpangilio huu ni wa makusudi: bafu likivuta hewa, mvuke na harufu haviwezi kurudi upande wa vitanda. Chana kipande cha karatasi ya chooni, kipeleke kwenye tundu la kuvuta hewa lililopo kwenye dari la bafu, kisha kiachie. Kikinata, mfumo unavuta. Kikianguka, mwambie mhudumu wa chumba siku hiyo hiyo, maana hakuna ujanja wa kuanika utakaofaa humo.

Sasa rudi kwenye mlango. Ukiufunga, hewa hupita kwenye mwanya wa chini tu, na sehemu yake kubwa inaweza kukata njia moja kwa moja hadi kwenye tundu bila kuzigusa nguo. Ukiuacha wazi kiasi cha shubiri moja, hewa kavu ya chumba kizima inapita bafuni, na kamba iko njiani mwake. Tukikadiria kwamba feni ya bafu inavuta meta za ujazo 60 kwa saa, na kila meta inaondoka na gramu 4 za nyongeza, lita moja itaondoka kwa saa nne na ushee. Kiwango halisi hutofautiana meli kwa meli, na mapindo ya nguo hukauka polepole kuliko hesabu ya karatasi, lakini hata ukizidisha muda huo mara mbili bado ni kazi ya usiku mmoja.

Kuna kosa jingine la bafuni ambalo familia nyingi hulifanya bila kujua. Mnarudi kutoka bwawani, mnatundika nguo, kisha mnaanza kuoga maji ya moto kwa zamu. Kila anayeoga anapajaza mvuke mahali ambapo mnataka pakauke. Ogeni kwanza wote, acheni feni ifanye kazi kama nusu saa mpaka kioo kiache ukungu, ndipo nguo zipande kambani.

Kosa la tatu ni la watu wa pwani hasa, nasi tumezaliwa nalo. Mwenye kabini ya roshani huona nguo hazikauki, akafungua mlango wa roshani ili upepo uingie. Mombasa au Unguja mtu anaanika nguo asubuhi na kuzianua mchana, hata hewa ikiwa nzito namna gani, kwa sababu jua linakipasha kitambaa chenyewe moto. Ndani ya kabini kitambaa hakipashwi na jua. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo si ajabu baharini msimu wa joto, ina gramu 24 za mvuke kwa kila meta ya ujazo. Ikiingia kwenye chumba cha nyuzi 22, ambacho mwisho wake ni gramu 19.4, ziada inageuka maji juu ya kila kitu cha baridi: vioo, kuta, na nguo zako pia. Umefungua mlango ili ukaushe, ukaleta maji ndani. Isitoshe, katika meli kadhaa mlango wa roshani ukiwa wazi kiyoyozi cha kabini kinajizima chenyewe.

Tuje kwenye kitambaa, maana nusu ya kazi hufanyika kabla ya kuanika.

Nguo iliyotoka baharini haitakauka sawasawa mpaka isuuzwe kwa maji baridi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa pale asilimia inapofika 75, na kwa kiyoyozi hilo lisingekuwa tatizo kubwa. Lakini ndani ya chumvi ya bahari mna pia kloridi ya magnesi, na hiyo huanza kunyonya maji hewani tangu asilimia 33. Kabini yenye unyevu wa asilimia 50 iko juu ya kiwango hicho usiku na mchana. Kaptura yenye chumvi itabaki na ule unyevunyevu wa kunata hata ukiitundika wiki nzima. Maji ya bwawa nayo yana klorini, ambayo hula elastani, zile nyuzi za kunyumbuka zinazoifanya nguo ya kuogelea ishike mwili. Njia rahisi ni kuingia nayo mwilini kwenye maji ya kuogea, ukaisuuza hapo hapo, ndani na nje, kabla ya kuivua.

Baada ya hapo, usiipopotoe kama tambara la kudekia. Kupopotoa huchosha elastani, na hakutoi maji mengi kama watu wanavyodhani. Tandaza taulo kavu kitandani au sakafuni, lilaze vazi juu yake likiwa limenyooka, likunje kwa kuviringisha pamoja na taulo kama mkeka, kisha kanyaga kwa goti kuanzia ncha moja hadi nyingine. Pamba ya taulo hunyonya maji kutoka kwenye nailoni au poliesta kwa nguvu, kwa sababu nailoni ndani ya nyuzi zake hushika maji kidogo, na poliesta karibu haishiki kabisa. Sehemu kubwa ya maji ya vazi la kuogelea imekaa tu baina ya nyuzi, ikisubiri kitu cha kuinyonya. Ukiondoa nusu ya maji kwa taulo, umepunguza nusu ya muda wa kuanika, na hujatumia hata chembe ya joto. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Taulo lenyewe usilitundike kabini. Taulo kubwa la pamba lililolowa lina maji mengi kuliko nguo zote za kuogelea mlizonazo, na litakula hewa kavu yote. Yale ya bwawani yarudishe yalikotoka, upewe makavu; ya kabini muachie mhudumu.

Wakati wa kutundika, geuza nguo nje ndani. Kaptura ya kiume huficha maji sehemu tatu: bitana ya wavu, mifuko, na mkunjo wa kiunoni unaopitisha kamba. Toa mifuko nje ining'inie kama masikio, vuta bitana iachane na kitambaa. Nguo ya kike yenye vikombe vya sponji ni mbaya zaidi. Vikombe vikiwa vya kutolewa, vitoe, vikamue ndani ya taulo na uvisimamishe kwenye rafu. Acha nafasi ya ngumi moja kati ya nguo na nguo. Kamba ikijaa, usirundike. Hamishia nyingine chumbani kwenye hanga. Kuta za kabini nyingi ni za bamba la chuma, na ndoano za sumaku hushika vizuri, kitu ambacho wazoefu wa safari hizi hawakiachi nyumbani.

Mahali pazuri chumbani ni mkono mmoja kutoka kwenye tundu la kiyoyozi, wala si juu yake kabisa. Hewa ikitoka tunduni ni baridi sana na karibu imeshiba mvuke. Ukavu wake unaonekana baada ya kuchanganyika na hewa ya chumba na kupata joto. Kwa sababu hiyo hiyo, kushusha kiyoyozi hadi mwisho wa baridi ili nguo zikauke ni kujirudisha nyuma. Kiache kwenye nyuzi 22 au 23. Kifeni kidogo cha betri au cha kuchajiwa, kama kampuni ya meli yako inakiruhusu, kikielekezwa kwenye nguo kinasaidia kuliko baridi yoyote.

Kuna mambo ambayo meli haitakuvumilia, na sababu zake ni nzito. Usitundike hanga kwenye kichwa cha kinyunyizio cha moto darini. Kile kichupa cha kioo kilicho ndani kikipasuka, maji yatamwagika kwako na kwa jirani zako. Usifunike taa kwa nguo. Pasi usije nayo, utanyang'anywa wakati wa kupanda. Mashine ya kukaushia nywele inafaa kumalizia mshono uliobaki na unyevu, ukiwa umeishika mkononi. Ukiivisha kaptura na kuiacha ikiwaka, umeziba njia yake ya hewa na inaweza kuunguza.

Roshani ndiyo inayowashawishi wengi, kwa kuwa huko kuna jua na upepo wa mwendo wa meli. Lakini tarehe 23 Machi 2006 meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaica, pale moto ulipoanza kwenye roshani ya abiria. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walihitimisha kwamba chanzo kilichoelekea zaidi ni kipande cha sigara kilichotupwa. Moto ulipanda kutoka roshani hadi roshani, ukila vitenganisho vya plastiki na samani, na abiria mmoja alifariki. Kanuni za kimataifa za usalama wa baharini, SOLAS, zilirekebishwa kuhusu vifaa vya roshani, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Julai 2008. Taulo lililokauka likipepea kwenye reli ni kitu kinachowaka, na juu yako kuna watu wanaovuta sigara hata pasiporuhusiwa. Upepo nao unaweza kulibeba hadi roshani ya chini au baharini. Wafanyakazi wakikuambia ulitoe, litoe.

Kabla ya kuhangaika na haya yote, uliza kama meli yako ina chumba cha kufulia cha abiria. Kampuni za Carnival na Princess zinajulikana kwa kuwa navyo, mashine za kukaushia zikiwemo. Royal Caribbean haitoi huduma hiyo kwa abiria, ni lazima upeleke nguo kwa dobi wa meli na kulipia. Mashine ya kukaushia inafaa kwa fulana na kaptura za pamba. Nguo ya elastani usiiweke humo kwenye joto kali.

La mwisho ni usiku wa kuamkia siku ya kushuka. Masanduku huwekwa nje ya mlango wa kabini usiku huo, yakakusanywa na kurudishwa kwako gatini asubuhi. Nguo iliyofungiwa humo ikiwa mbichi itakaa gizani hadi utakapofika nyumbani. Siku hiyo ogeleeni asubuhi, mchana muanike, na itakayokuwa bado mbichi jioni iingie kwenye mfuko wa plastiki na kubebwa mkononi.