Plastiki Ibandikwe Wapi? Mwongozo kwa Wenye Magari wa Mpanda

Kabla hujamuuliza fundi bei, tafuta gari la mwenzako lililokaa Mpanda miaka mitatu au minne, linalopita njia zile zile unazopita wewe, ulizunguke taratibu. Angalia rangi ilikobanduka. Gari moja utalikuta na vidoa vingi kwenye ncha ya boneti na usoni mwa bampa. Jingine boneti yake ni safi, ila chini ya milango na mbele ya tairi za nyuma rangi imeliwa hadi bati linaonekana. Magari hayo yanaweza kuwa ya aina moja na ya mwaka mmoja. Kilichoyatofautisha ni barabara. Hiyo barabara ndiyo iamue pa kubandika ile plastiki angavu ya kulinda rangi, ambayo mafundi huiita PPF.

Kwenye lami, kama ile ya kwenda Tabora kupitia Koga, anayekuumiza ni aliye mbele yako. Tairi la lori hurusha kokoto nyuma, nawe unaifuata kwa kasi. Mnapokutana, inatua kwenye bampa, boneti, saitimira na nguzo za kioo cha mbele. Kwenye changarawe mambo yanageuka. Kule watu huachiana nafasi kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo kokoto nyingi zinazokupiga umezirusha mwenyewe. Tairi lako la mbele linazitupa kwenye ukingo ulio chini ya milango, sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, na tumbo la fenda ya nyuma. Anayekwenda Karema au Mishamo kila wiki akalipia boneti peke yake, amelinda mahali ambapo hapakuwa na adui mkubwa.

Ndiyo maana nampima fundi kwa swali lake la kwanza. Aliyebobea atakuuliza unaendesha wapi, unabeba nini, unalaza wapi gari. Asiyebobea atakusomea vifurushi: nusu boneti, mbele yote, gari zima.

Hiyo nusu boneti naikataa kabisa. Plastiki inayoishia katikati ya boneti huacha ukingo unaokatiza bati kutoka upande hadi upande, na vumbi letu jekundu hujikusanya hapo na kushika kwenye gundi. Kwa gari jeupe, na Mpanda magari meupe ni mengi, baada ya kiangazi kimoja unabaki na mstari wa rangi ya matofali usiotoka kwa sabuni. Funika boneti yote hadi kwenye mikunjo yake, au iache wazi na fedha hiyo uipeleke kwingine.

Kwingine kwenyewe ni wapi? Vipande vidogo ambavyo wengi hawavifikirii: kikombe cha bati nyuma ya kitasa, panapokwaruzwa na kucha na pete, kingo za milango, na mdomo wa buti. Mtu anayepakia magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe anaumaliza mdomo wa buti kwa msimu mmoja. Kipande cha upana wa kiganja kikiwekwa vizuri hapo kina faida kuliko mita nzima juu ya paa. Paa liache. Kokoto hazilifikii, na plastiki hafifu ikiokwa na jua pale juu huwa ngumu na kung'ang'ania vibaya siku ya kuibandua. Kwa gari la changarawe, anza na mpira mpana wa kuning'inia nyuma ya tairi. Ni rahisi, nao hupunguza mvua ya kokoto kabla plastiki haijapigwa.

Wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi au mashambani wana shida ya tatu: ubavu. Nyasi ndefu na vijiti vya kando ya njia huchora mistari myembamba kwenye milango, na hapo plastiki nzuri inafanya kazi ya kupendeza, kwa sababu mikwaruzo ya juujuu hujifuta yenyewe jua likiipasha joto. Mwiba mgumu ukisukumwa na uzito wa gari utaichana. Fundi akikuahidi kinga dhidi ya miiba, mtilie shaka na katika mengine. Kuna pia plastiki za rangi, na nyeusi au buluu iliyokoza inawavutia vijana wengi. Ukumbuke kuwa mbung'o hufuata chombo kinachotembea na hupenda rangi hizo mbili; ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Kwa gari la hifadhini, baki na angavu.

Sasa plastiki yenyewe. Asili yake ni vita vya Vietnam: miaka ya 1960 kampuni ya 3M ya Marekani iliitengeneza kulinda pangaboi za helikopta dhidi ya mchanga na vifusi. Ya leo iliyo bora ni ya poliyurethani, unene wake kwa kawaida kati ya maikroni 150 na 200, wakati rangi yote ya kiwandani, tabaka zote pamoja, mara nyingi haizidi 150. Ya bei ya chini sana huwa ni PVC. Omba kipande cha mabaki, kivute kwa vidole, ukiachie. Poliyurethani inarudi, PVC inabaki imelegea, na baada ya jua la miaka michache inageuka njano na kupasuka. Kisha kikwaruze kidogo kwa brashi, ukimwagie maji ya moto. Mikwaruzo isipofifia, hiyo siyo uliyoambiwa.

Gari la mtumba kutoka Japani lichunguzwe rangi kwanza. Paneli iliyopigwa rangi upya huenda isiwe imeshika kama ile ya kiwandani, na siku ya kubandua, plastiki huondoka nayo. Tazama kwenye mipira ya vioo na ndani ya mikunjo ya milango kama kuna ukungu wa rangi ulioruka. Gonga kwa kifundo cha kidole usikilize kama kuna puti. Rangi ikiwa mbichi, subiri ikauke kabisa kwanza. Gundi huzuia mvuke wake kutoka. Na kama gari linatokea bandarini Dar es Salaam, kazi ifanyike hukohuko, kabla halijala zaidi ya kilomita 1,000 za kuja huku.

Kazi ikiisha, usiipokee jioni chini ya taa. Njoo asubuhi jua likiwa chini, uangalie kwa upande. Vijipovu vya maji visikutishe, hukauka kwa siku chache hadi wiki mbili. Punje ya vumbi iliyonaswa ndani haitoki kamwe. Kwenye kona za bampa tafuta mistari ya fedha: ni alama kwamba plastiki ilivutwa kupita kiasi, na hapo ndipo itakapoachia kwanza. Pitisha kidole kwenye kingo. Zilizo bora zimekunjwa hadi nyuma ya bati, usizione. Palipokosekana nafasi ya kukunja, mkato uwe umenyooka na umeacha pengo lile lile urefu wote. Muulize fundi alikatia wapi. Kipande kilichokatwa kwa mashine mezani hakijagusa rangi yako, ila wembe uliopitishwa juu ya bati unaweza kuwa umeacha mchoro utakaoota kutu masika yakifika.

Mtihani wenyewe ni vumbi. Kubaliana naye mapema kwamba utarudi baada ya safari yako ya kwanza ya changarawe, gari likiwa limemwagiwa maji tu bila kusuguliwa. Popote ukingo umeanza kunyanyuka, utaona uzi mwekundu chini yake. Hapo kipande kizima kibanduliwe na kuwekwa kingine. Akichukua gundi ya dukani kukibana, mzuie: gundi hiyo hula rangi, na doa lake halitoki tena.