"Kiangazi" Katika Tafsiri za Uvuvi

Tumepitia tafsiri kadhaa za maelezo ya uvuvi wa burudani, yanayotaja wakati wa kuvua sulisuli, jodari na nguru katika bahari ya Kilwa. Majina ya samaki yamekaa vizuri kwa jumla, ingawa wako wanaong'ang'ania "tuna" hali jodari yupo. Kasoro kubwa imo katika majira. Msimu wa joto wa kizio cha kusini, yaani Desemba hadi Februari, umeandikwa "kiangazi". Lakini kwa msomaji wa Nangurukuru, penye njia panda ya kwendea Kilwa Masoko, kiangazi ni ule ukavu wa Juni hadi Oktoba, ambao sehemu yake kubwa hutawaliwa na pepo za kusi na bahari iliyochafuka. Mwenye chombo atalitambua kosa hilo mara moja. Mgeni wa kutoka bara hatalitambua, naye atawasili Julai kumtafuta sulisuli. Neno linalofaa ni kaskazi, upepo wa takriban Novemba hadi Machi. Tunapendekeza litumike hilo, na miezi itajwe kando yake, kwani kaskazi haina tarehe maalumu ya kuanza.