Mkono wa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Ijuganyondo, Manispaa ya Bukoba, kama ilivyo kwingi nchini, mtoto wa Darasa la Kwanza huiandika herufi b hewani kabla ya kuiandika daftarini. Mwalimu huinua mkono, akashusha mstari, kisha akaweka tumbo upande wa kulia. Angalia alivyosimama: amewapa watoto mgongo. Mwalimu mgeni huwageukia, na darasa zima likachora d, kwa kuwa kulia kwake ni kushoto kwao. Mzoefu hugeuza shingo tu, macho yakabaki kwenye ile mikono midogo inayopanda na kushuka.

Kazi hii naiheshimu sana. Mtaala wa mwaka 2015 uliyaelekeza madarasa mawili ya mwanzo kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Januari 2016 michango ya lazima ikafutwa, watoto wakafurika. Katika wingi huo mwalimu stadi bado anamsikia mmoja mmoja.

Ameuliza. Mikono imejaa hewani, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Lakini aliyesimamishwa yuko kimya, midomo inachezacheza juu ya neno. Mwalimu anawatuliza wengine kwa kiganja, anangoja. Mtoto akikwama kabisa, anampa sauti ya kwanza tu. Iliyobaki ni ya mtoto mwenyewe. Kungoja huko ndiko kugumu kuliko yote, maana kipindi kinakwisha na ni rahisi mno kumtajia jibu.

Wapo wanaofika shuleni na Kihaya cha bibi. Mmoja akionyeshwa picha akasema "embwa", mwalimu hamkaripii, wala haruhusu wenzake wamcheke. "Ehee, mbwa. Anafanya nini?" Na mtoto anaendelea kusimulia.

Halafu kuna mvua. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na ikipiga kwenye bati hata anayepaza sauti hasikiki. Mwalimu huyu hapigi kelele. Anaonyesha vidole saba. Watoto wanapanga vijiti saba. Anakunja vitatu; wanaondoa vitatu, wanahesabu vilivyobaki, wanainua vidole vinne. Hesabu imekwenda bila neno.

Watoto wanamwiga kwa kila kitu. Mkia wa g wake utauona kwenye madaftari yao, na upole wake pia: aliyekwisha kujua kusoma, akiketishwa na mwenzake, anaweka kidole chini ya neno na kungoja, jibu analo mdomoni.

Inaniuma kuona shule zikimpa Darasa la Kwanza yeyote aliyebaki bila darasa. Darasa hilo wapewe walimu bora kuliko wote. Na kwa kuwa mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, kila mwalimu wa aina hii anayekaribia umri huo awekewe kijana wa ajira mpya, akae nyuma ya darasa muhula mzima akitazama tu, kabla hajakabidhiwa chaki.